Taarifa za Ugonjwa Wako Zikae Mkononi Mwako

Mzee wa miaka sitini na kitu anayeishi na kisukari na presha huko Singida au Lindi hana daktari mmoja. Ana madaktari wanne wasiojuana. Zahanati ya kijijini humpima presha kila mwezi. Kliniki ya kisukari iko hospitali ya wilaya. Macho yalipoanza kufifia alipelekwa kwa bingwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na miguu ilipovimba akaandikiwa rufaa kwenda kwa bingwa wa figo Dodoma au Muhimbili. Katikati ya hao wote yuko muuzaji wa duka la dawa, ambaye humwona mara nyingi kuliko daktari yeyote, na ambaye humpa vidonge vya maumivu ya magoti bila kuandika popote. Kila mmoja anaweza kuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa, na bado mzee huyu akaumia, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeuona ugonjwa wake wote kwa pamoja.

Aliyeingia katika vyumba vyote hivyo ni mgonjwa peke yake, pamoja na ndugu anayemsindikiza. Ndiyo maana nasema kumbukumbu inayounganisha matibabu yake ni lazima iwe mikononi mwake. Mafaili ya hospitali yabaki hospitali, yana kazi yake. Lakini kumbukumbu inayovuka kutoka mlango wa daktari mmoja hadi wa mwingine ni ya mgonjwa kuishika, kuijaza na kuitoa kila anapoulizwa na hata asipoulizwa. Na kati ya madaktari wake, awepo mmoja anayejua kwamba yeye ndiye anayeangalia yote. Haya mawili yakifanyika, makosa mengi yanayoitwa bahati mbaya hayatatokea.

Tatizo lenyewe ni la zamani, na hata hospitali tajiri zimelipitia. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, katika Mayo Clinic huko Minnesota, Marekani, kila daktari alikuwa na daftari lake la kuandikia wagonjwa. Mgonjwa aliyeonwa na madaktari watatu habari zake zilikaa katika madaftari matatu. Mwaka 1907 daktari mmoja wa hapo, Henry Plummer, alianzisha utaratibu wa kumpa kila mgonjwa namba yake na faili moja ambamo kila atakayemtibu ataandika. Leo utaratibu huo tunauona wa kawaida kiasi cha kutoutambua: ndiyo ile namba ya faili unayoulizwa dirishani. Lakini faili la Plummer liliishia kwenye lango la hospitali, na hadi leo mafaili mengi yanaishia hapo hapo. Mgonjwa akitoka wilayani kwenda mkoani anarudi katika hali ileile ya madaftari mengi, kila moja likijua kipande chake.

Kwamba madhara hutokea hasa mahali pa kupokezana si dhana tu. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 9 za watoto. Madaktari walifundishwa njia moja ya kukabidhiana wagonjwa wakati wa kubadilishana zamu: hali ya mgonjwa ikoje, muhtasari wa ugonjwa wake, kipi kinasubiriwa kufanywa, na kipi kinaweza kuharibika usiku. Hakuna dawa mpya iliyoletwa wala mashine iliyonunuliwa. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika yalipungua kwa asilimia 30. Tukumbuke hao ni madaktari wa jengo moja, wenye faili moja, wanaoonana uso kwa uso asubuhi na jioni. Kama hao walikuwa wanapoteza habari kiasi hicho, zinapotea ngapi kati ya zahanati na hospitali ya kanda zilizoachana kilomita mia tatu, huku kiungo chao kikiwa karatasi moja ya rufaa iliyokunjwa mfukoni? Shirika la Afya Duniani nalo, lilipoanzisha mwaka 2017 kampeni yake ya kupunguza madhara ya dawa, lilitaja maeneo matatu ya kushughulikiwa kwanza: mazingira yenye hatari kubwa, mgonjwa anayetumia dawa nyingi kwa pamoja, na mgonjwa anayehama kutoka huduma moja kwenda nyingine. Mzee wetu wa Singida yumo katika yote matatu.

Tumchukue yeye kwanza, tuone madhara yanavyomfikia. Kwa presha ameandikiwa losartan au enalapril. Kwa miguu iliyovimba ameongezewa dawa ya kupunguza maji. Kila moja ina sababu yake. Kisha magoti yanamsumbua, naye ananunua diklofenaki dukani, wiki baada ya wiki. Dawa hizo tatu zikikutana zinaweza kuifanya figo ishindwe ghafla, hasa figo ambayo kisukari kimeshaichosha, na hasa akiwa ameharisha au hanywi maji ya kutosha. Daktari wa presha haijui diklofenaki, muuza dawa haijui figo, na bingwa wa figo atakuja kuona majibu ya kriatinini yamepanda asijue kwa nini. Karatasi moja yenye orodha ya kila kinachomezwa, pamoja na cha dukani na cha mitishamba, ingetosha kumfanya yeyote kati yao ashtuke.

Mfano wa pili unawahusu kina mama. Mjamzito katika maeneo yenye malaria hupewa SP kliniki ili kumkinga yeye na mtoto. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kuwa anatumia Septrin kila siku kujikinga na magonjwa nyemelezi. Dawa zote mbili zina salfa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: mama anayetumia Septrin kila siku asipewe SP. Pale ambapo kliniki ya wajawazito na ya tiba na matunzo ni chumba kimoja, muuguzi analijua hilo bila kuambiwa. Lakini mama aliyeamua kuchukua dawa zake wilaya nyingine ili asionekane na majirani, akaja kliniki ya karibu na kadi ya ujauzito pekee, anawaachia wauguzi nusu ya habari. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeanza dawa za kifua kikuu. Rifampicin hupunguza nguvu ya dawa nyingi, zikiwamo vidonge vya uzazi wa mpango, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na dolutegravir, ambayo kwa mgonjwa huyo hulazimika kutolewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Anayeandika rifampicin bila kujua hayo mengine hajafanya uzembe. Hakuambiwa.

Na si dawa tu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, akibeba mimba nyingine, daktari anahitaji kujua mfuko wa uzazi ulikatwa vipi: kwa mlalo sehemu ya chini, au kwa wima sehemu ya juu. Wa mlalo anaweza, kwa uangalizi, kuruhusiwa kujaribu njia ya kawaida. Wa wima haruhusiwi, kwa kuwa mfuko unaweza kupasuka uchungu ukianza. Kovu la nje halisemi kisu kilipita wapi ndani. Linalosema ni maandishi ya daktari aliyepasua, na maandishi hayo yako katika hospitali ambayo mama huyo pengine alishahama mkoa wake. Mistari miwili iliyonakiliwa siku ya kuruhusiwa ingekuwa jibu.

Hata namba zina mitego. Tanzania na Kenya sukari ya damu tunaisoma kwa milimoli. Mgonjwa akitibiwa India, kama wafanyavyo wengi, atarudi na majibu ya miligramu. Sukari ya 126 kwenye karatasi ya Chennai ni sawa na 7 ya Dar es Salaam. Unagawanya kwa 18. Kriatinini ya 1.2 kule ni kama 106 huku. Ndugu wa nyumbani asiyejua hilo anaweza kukaa macho usiku kucha kwa hofu isiyo na sababu, au akapuuza jambo zito. Kwa hiyo unaponakili kipimo, nakili namba, kipimio chake, tarehe, na jina la maabara. Namba tupu ni ya kubahatisha.

Wapo watakaosema mgonjwa wa kawaida hawezi kazi hii. Jibu liko kwenye makabati ya nyumba zetu wenyewe. Mama wa kijijini ambaye hakumaliza shule hutunza kadi ya kliniki ya mtoto wake miaka mitano, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, na huwezi kumkuta kliniki bila kadi hiyo. Ndani yake kuna uzito wa kila mwezi, chanjo zote na tarehe zake, na muuguzi wa Kigoma anaweza kuendelea alipoishia muuguzi wa Tanga bila kupiga simu. Wajapani walianza mwaka 1948 kumpa mama kijitabu kimoja chake na cha mtoto. Kenya nayo inatoa kijitabu cha aina hiyo. Watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi wana kadi zao wanazotembea nazo kutoka kituo hadi kituo. Tumeshathibitisha, kwa mamilioni ya watu, kwamba kumbukumbu inayokaa kwa mgonjwa inawezekana na inafaa. Jambo la kushangaza ni kwamba mtoto akitimiza miaka mitano tunamwacha bila kitu, na akifika hamsini akiwa na maradhi matatu tunamwambia anunue daftari la shule la kurasa 40, ambalo likijaa linatupwa.

Basi anza na daftari hilo hilo, ila lile gumu la kaunta, na faili la plastiki la kuwekea karatasi. Ukurasa wa kwanza ndio muhimu kuliko yote, na uandikwe kwa mwandiko ambao mgeni ataweza kuusoma usiku wa manane ukiwa umezimia. Uwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, namba ya bima na namba za faili za kila hospitali unayotibiwa, na simu za watu wawili wa kupigiwa. Chini yake andika maradhi uliyo nayo na mwaka yalipogunduliwa, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na dawa zinazokudhuru. Hapo kwenye dawa zinazokudhuru usiishie kuandika jina. Andika ilikufanya nini. Penisilini iliyokuvimbisha midomo na kukukata pumzi ni onyo la kufa na kupona. Kwinini iliyokufanya masikio yavume ni jambo la kawaida la dawa hiyo, na ukiandika kwamba una mzio nayo unaweza kunyimwa dawa utakayoihitaji. Kuhusu kundi la damu, ambalo watu wengi huliona ndilo la kwanza kuandikwa, liandike ukitaka, ila jua kwamba hospitali italipima tena kabla ya kukuongezea damu. Lisikuchukulie nafasi ya mambo mazito.

Kwa baadhi ya maradhi, ukurasa huo ubebe namba yako ya kawaida. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi wao huishi wakiwa na hemoglobini ya 7 au 8 kama kawaida yao. Daktari wa zamu asiyemjua mtoto akiona 7 anaweza kuagiza damu haraka. Akiona 7 huku daftari likisema kawaida yake ni 7 na nusu, atatafuta sababu nyingine ya homa aliyokuja nayo. Ndivyo pia kwa mwenye figo dhaifu: kriatinini ya 180 ni habari mbaya kama mwezi jana ilikuwa 110, na ni habari ya kutia moyo kama mwaka jana ilikuwa 200.

Kisha zifuate kurasa za dawa. Andika jina halisi la dawa na si la kampuni tu, kwa kuwa dawa moja inauzwa kwa majina mengi, na kuna watu wanaomeza amlodipine mbili zenye majina tofauti walizoandikiwa na hospitali mbili, wakidhani ni dawa mbili. Andika uzito wa kidonge, mara ngapi kwa siku, nani aliiandika, kwa ajili ya nini, na tarehe ya kuanza. Dawa ikisimamishwa usiifute: ipige mstari, kando uandike tarehe na sababu. Sababu ndiyo thamani ya daftari. Bingwa aliyekuondoa kwenye dawa kwa kuwa ilikukohoza miezi miwili mfululizo ameshafanya kazi ambayo daktari mwingine hana haja ya kuirudia kifuani mwako. Kama kuandika ni shida, weka maboksi na pakiti zote kwenye mfuko na uende nao kliniki. Mfuko wa dawa mezani ni ushahidi ambao hata mwenye mwandiko mzuri hawezi kuupita.

Karatasi nyingine zihifadhiwe kwa tarehe, mpya juu. Majibu ya maabara, ripoti za utrasaundi, karatasi ya kuruhusiwa wodini, nakala ya barua ya rufaa na majibu ya kipimo cha kinyama ni vya kutunzwa daima. Filamu ya eksirei ya kifua ya miaka ya nyuma usiitupe: kovu la kifua kikuu kilichopona linaweza kuonekana kama ugonjwa mpya, na picha ya zamani ndiyo itakayokuokoa na dawa za miezi sita usizozihitaji. Kipimo cha umeme wa moyo hutolewa mara nyingi kwenye karatasi inayofifia. Kitoe fotokopi au kipige picha wiki hiyo hiyo. Picha za simu ni msaada mkubwa, mradi upige karatasi nzima ikiwa imenyooka, jina na tarehe vikionekana, na uzitume kwa ndugu mmoja unayemwamini ili simu ikiibiwa zisipotee. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Daftari likiwa limekamilika lakini limekaa mkobani halijasaidia. Ukiingia kwa daktari, kabla hujaanza kueleza maumivu, liweke mezani likiwa wazi ukurasa wa kwanza, useme umetoka wapi na nani alikutuma kwa swali gani. Kabla ya kutoka, hakikisha una majibu ya mambo matatu: daktari ameona nini, amebadilisha nini na kwa nini, na nani atakayefuatilia kipimo kilichobaki. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Kipimo kilichochukuliwa Jumatatu, mgonjwa akaruhusiwa Jumanne, majibu yakatoka Alhamisi, kinaweza kulala maabara miezi. Ukipewa rufaa, omba aliyekupokea aandike mrejesho kwa aliyekutuma, nawe uubebe mwenyewe urudi nao. Fomu nyingi za rufaa zina nafasi ya mrejesho huo. Tatizo ni kwamba fomu hairudi bila mtu wa kuirudisha.

Sasa kuhusu daktari mmoja wa kuangalia yote. Waswahili tunajua manahodha wengi chombo huenda mrama, na mgonjwa wa maradhi matatu ana manahodha wengi kweli. Asiwafukuze, kila bingwa ana sehemu yake. Ila amchague mmoja, amwambie wazi: daktari, nakuomba wewe uwe unaangalia dawa zangu zote, hata zile walizoandika wenzako. Si lazima awe bingwa wala awe mjini. Mara nyingi anayefaa ni daktari au tabibu wa kituo cha karibu, ambaye utamwona kila mwezi na hatakuambia urudi baada ya nusu mwaka. Mwaka 2018 jarida la BMJ Open lilitoa uchambuzi wa tafiti 22 kutoka nchi 9 kuhusu wagonjwa wanaoendelea kuonana na daktari yuleyule. Tafiti 18 kati ya hizo zilikuta vifo vichache zaidi kwa waliokuwa na mwendelezo huo. Ni haki kusema tafiti za namna hiyo hazithibitishi chanzo. Huenda wenye maisha yaliyotulia ndio wanaoweza kubaki na daktari mmoja. Lakini nchi ni tofauti, mifumo ni tofauti, na mwelekeo ni uleule. Kwa jambo lisilogharimu chochote zaidi ya kuomba, ushahidi huo unatosha kulifanya.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba hospitali sasa zina kompyuta, hivyo madaftari yamepitwa na wakati. Kompyuta zipo, na zimepunguza upotevu wa mafaili. Lakini mfumo wa hospitali moja mara nyingi hausomeki katika nyingine, zahanati binafsi ina wake, maabara ya mtaani ina wake, na duka la dawa halina wowote. Kuziunganisha si kazi ndogo hata kwa wenye fedha. Uingereza ilianza mwaka 2002 mradi wa kitaifa wa kuunganisha kumbukumbu za hospitali zake, ikatumia mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Naamini siku itafika ambapo daktari wa Mtwara atafungua kumbukumbu za Mwanza kwa kubonyeza mara moja. Wagonjwa wa leo hawawezi kuisubiri. Na hata itakapofika, jicho la mgonjwa litahitajika bado. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020, zaidi ya wagonjwa 22,000 waliosoma maandishi ya madaktari wao kwenye mtandao waliulizwa waliona nini. Mmoja kati ya watano alisema amekuta kosa, na katika hao wanne kati ya kumi waliliona kuwa zito. Kompyuta hutunza kosa vizuri kama inavyotunza ukweli.

Wengine huhofia kwamba daktari ataudhika, ataona anafundishwa kazi. Wapo wa namna hiyo, sitakataa. Lakini fikiria muda alio nao. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliohusisha nchi 67 ulikuta kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaishi katika nchi ambazo mgonjwa huonwa na daktari wa huduma ya msingi kwa dakika 5 au pungufu. Katika dakika hizo, daktari anayeanza kuuliza historia kutoka mwanzo hatafika kwenye shida ya leo. Anayepewa ukurasa mmoja uliopangika amepewa dakika zake. Kinachoudhi ni rundo la karatasi lisilo na mpangilio, au mgonjwa anayetaja ugonjwa aliousoma mtandaoni badala ya kueleza anachosikia mwilini. Leta habari, mwachie yeye hukumu.

Kuna pia tabia ya kuficha karatasi za daktari wa kwanza unapokwenda kwa wa pili, ili wa pili aseme la kwake bila kuelemea upande wowote. Naielewa sababu yake, na kuna hekima ndani yake, lakini isifike mwisho wa ziara. Mwache akuulize na akupime kwanza, asikie ugonjwa kutoka kinywani mwako. Kisha, kabla hajaandika kipimo wala dawa, mtolee karatasi zote. Ukiondoka bila kuzitoa, utalipia upya vipimo ulivyokwisha lipia, na unaweza kuongezewa dawa juu ya dawa.

Lililo zito kuliko yote ni usiri. Daftari linaweza kusomwa na mgeni, mpangaji mwenza, au ndugu ambaye hukutaka ajue. Kwa mtu anayeishi na virusi, au mwenye maradhi ya akili, au binti aliyetoka kupoteza mimba, hofu hiyo si ndogo, na hakuna anayepaswa kumlazimisha aandike. Anaweza kuliandika jambo hilo kwenye karatasi ya peke yake inayokaa mahali pengine, au kuandika majina ya dawa tu bila jina la ugonjwa. Daktari atazisoma na kuelewa. Simu iwe na namba ya siri. Sheria nayo iko upande wake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na zinampa mtu haki ya kuomba kujua kilichoandikwa juu yake. Ila umfiche jirani, usimfiche anayekuandikia dawa. Mifano ya Septrin na rifampicin niliyoitoa inatosha kueleza kwa nini.

Kwa asiyejua kusoma, au mzee ambaye macho yamekataa, familia imteue mtu mmoja. Nasisitiza mmoja. Watoto wanne wakipokezana kumpeleka baba kliniki, kila mmoja akirudi na maelezo yake, tumerudi kwenye madaftari ya Minnesota kabla ya 1907, safari hii ndani ya nyumba. Wanaweza kupokezana nauli na usafiri, lakini daftari liwe na mwandishi mmoja, na akisafiri amkabidhi mwenzake kwa maneno na kwa maandishi.

Madaktari na wauguzi nao wana deni hapa, kwa kuwa mgonjwa hawezi kutunza ambacho hakupewa. Andikeni kwa herufi zinazosomeka na majina halisi ya dawa. Mnapobadilisha dawa, ongezeni neno moja la sababu. Msimruhusu mgonjwa kutoka wodini bila karatasi inayosema alikuwa na nini, alifanyiwa nini, anatumia nini na arudi lini. Hospitali iliyomlaza mtu wiki mbili ikamtoa na risiti peke yake imemtibu nusu. Na mgonjwa akiomba nakala ya majibu yake, apewe bila kuulizwa anayataka ya nini.

Ndugu msomaji, kama una mzazi mwenye kisukari au presha, usisubiri miadi ijayo. Mwombe wiki hii akutolee dawa zote zilizomo ndani, za hospitali, za dukani na za mitishamba, uziandike moja moja pamoja na anayodhani kila moja inatibu. Ukikuta mbili zenye jina moja halisi, au moja ambayo hajui ni ya nini, usimwachishe wewe. Mpeleke na orodha hiyo kwa daktari wa kituo chake, na umwombe aipitie yote mstari kwa mstari.